Kufuata Dau au Kutupa Karata

Katika kila mchezo wa karata unaochezwa kwa dau hufika wakati ambapo mchezaji hana budi kujibu swali moja tu: Je, nilipe ili niendelee, au niweke karata zangu chini na kuyaacha yaliyokwisha kuwekwa mezani? Kwa mtazamaji swali hili ni dogo, la watu wasiokuwa na kazi. Lakini mimi nimelifikiri kwa muda mrefu, nami nimeona kwamba mambo mengi ya watu, na hata ya serikali kubwa, yameamuliwa nalo, mara nyingi vibaya.

Kabla sijaendelea yanipasa nimwondolee msomaji wasiwasi. Mimi ni mwalimu mkuu mstaafu, niliyepikwa katika chuo cha ualimu enzi ambazo mwalimu aliyeonekana akicheza kamari alipoteza heshima kabla ya kupoteza kazi. Sijapata kuweka senti katika mchezo wowote wa bahati, na hapa Magole msikiti na kanisa wanalikataza jambo hilo kwa sauti moja. Niliyoyajua kuhusu poka nilifundishwa na mpwa wangu, ambaye alifanya kazi ya kugawa karata katika kasino moja ya Dar es Salaam. Alipokuja likizo tuliketi barazani tukacheza kwa punje za mahindi, naye akanieleza hesabu zake. Mwalimu wa hesabu hawezi kuonyeshwa hesabu nzuri akageuza uso.

Karata zenyewe si ngeni kwetu. Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498, wakajenga Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1593, wakafukuzwa humo mwaka 1698. Waliondoka, lakini maneno yao ya mchezo yalibaki. Neno karata ni lao. Kopa, shupaza, pau, uru na turufu ni maneno yao pia, yaliyolainishwa na ndimi za Waswahili. Wazee wa pwani walicheza wahedi wa sitini, ambao jina lake ni hesabu yake, yaani alama 61 za kumpatia mtu ushindi. Nilipokuwa kijana niliwaona vibarua wa mashamba ya mkonge ya huku Kilosa wakicheza karata siku ya mshahara chini ya miembe, na wengine walirudi makambini mikono mitupu. Hivyo basi, swali la kufuata au kutupa lilikuwako kwetu kabla ya kasino.

Poka aliyonifundisha mpwa wangu inaitwa Omaha, kwa jina la mji mmoja wa Marekani, ingawa mchezo wenyewe ulipata umaarufu huko Las Vegas mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kila mchezaji hupewa karata nne anazoziona peke yake. Karata tano nyingine huwekwa wazi mezani kwa ajili ya wote: kwanza tatu kwa pamoja, kisha ya nne, kisha ya tano. Katika kila hatua watu huweka dau. Mwishoni kila mmoja hutunga mkono wa karata tano, nazo lazima ziwe mbili kutoka mkononi mwake na tatu kutoka mezani, si zaidi wala si pungufu. Aina tunayoizungumzia ina sharti moja kuu: mtu haruhusiwi kuweka dau linalozidi fungu lililopo mezani.

Sharti hilo husikika kama huruma, kwa sababu linamzuia mtu asimwage mali yake yote kwa mara moja. Sasa tazama linavyofanya kazi. Tuseme mezani pana shilingi 10,000 na karata tatu zimefunuliwa. Mwenzako anaweka 10,000. Wewe ukifuata, unalipa 10,000 na fungu linakuwa 30,000. Karata ya nne ikifunuliwa, anaweza kuweka 30,000. Ukifuata tena, fungu linakuwa 90,000. Karata ya tano ikija, anaweza kuweka 90,000. Yule aliyedhani analipa elfu kumi amejikuta amelipa 130,000. Dau limepanda mara tatu katika kila hatua, wala hakuna aliyevunja kanuni.

Je, mtu aamueje? Mpwa wangu alisema kwamba hesabu ya kwanza ni ya bei. Ukitakiwa kulipa 10,000 wakati mezani pamekwisha kuwa na 20,000, maana yake unatoa moja ili upate fungu zima la tatu. Basi unahitaji nafasi ya kushinda mara moja katika tatu ili usipate hasara baada ya siku nyingi. Ikiwa nafasi yako ni ndogo kuliko hapo, tupa.

Hesabu ya pili ni ya karata zilizobaki. Tuseme una kopa mbili mkononi, na mezani pana kopa mbili; ikitokea moja zaidi mkono wako umetimia. Kopa zote ni 13, nne umeziona, zimebaki tisa. Karata zote ni 52, umeona saba, hujaona 45. Kwa hiyo nafasi ya kupata kopa katika karata inayofuata ni tisa kwa 45, yaani moja katika tano. Ukihesabu karata zote mbili zinazokuja, nafasi ni kama 36 katika mia. Hapo ndipo wengi hujidanganya. Husema, “Thelathini na sita inazidi theluthi, basi nafuata.” Lakini ile 36 ni ya mtu aliyehakikishiwa kuziona karata zote mbili kwa bei moja. Wewe umelipia moja tu. Kwa ile ya pili utadaiwa 30,000, na nafasi yako wakati huo itakuwa ile ile ya karibu moja katika tano, huku bei ikitaka moja katika tatu.

Hesabu ya tatu ni kujiuliza: nikipata ninachokingoja, je, nitakuwa wa kwanza au wa pili? Mwenye karata nne ana njia sita za kuchagua mbili, na wenzake vivyo hivyo, kwa hiyo mikono mikubwa hutokea mara kwa mara. Mwenye kopa ndogo huweza kuipata kopa aliyoiomba, akafurahi, akalipa dau lote, kumbe mwenzake anazo kopa kubwa. Katika poka wa pili hapati kitu, ila ndiye anayelipa zaidi ya wote.

Wala usidhani kwamba hekima siku zote ni kutupa. Akiwa na jeki, kumi, saba na sita, na mezani pakawa na tisa, nane na mbili, mchezaji ana karata 20 kati ya 45 zinazoweza kumkamilishia mfuatano. Huyo ana nafasi ya 44 katika mia kwa karata moja tu. Akitupa mbele ya dau la kawaida kwa sababu ya woga, naye amekosea hesabu.

Nilipoyasikia haya nilikumbuka kwamba wataalamu wa hesabu nao walichelewa kuyaona. Kulikuwa na fumbo la kale: watu wawili wanaweka fedha sawa, mchezo unakatizwa kabla ya kwisha, fungu ligawanywe vipi? Mtaliano Luca Pacioli, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1494, alijibu kwamba ligawanywe kwa kadiri ya michezo ambayo kila mmoja amekwisha kushinda. Alitazama nyuma. Mwaka 1654 Wafaransa wawili, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, waliandikiana barua juu ya fumbo hilo hilo, wakaona kwamba yaliyopita si kitu. Kinachotakiwa ni kuhesabu yote yanayoweza kutokea kuanzia sasa. Pascal alitoa mfano wa watu wanaowania kushinda mara tatu, kila mmoja ameweka 32. Mmoja ameshinda mara mbili, mwenzake mara moja. Kwa kutazama nyuma, wa kwanza angepata theluthi mbili za 64. Kwa kutazama mbele anastahili 48, yaani robo tatu, maana ili ashindwe lazima apoteze mara mbili mfululizo. Elimu nzima ya uwezekano ilijengwa juu ya barua zile, na kiini chake ni hicho: fungu lililoko mezani halina kumbukumbu ya nani aliweka nini.

Sasa niache meza ya karata nitoe mfano mkubwa kuliko wote ninaoujua, nao uko katika barabara hii hii inayopita Magole. Ukiifuata kuelekea Dodoma utapita Gairo, iliyokuwa sehemu ya Wilaya yetu ya Kilosa hadi mwaka 2012, kisha utafika nchi kavu ya Wagogo, na huko ndiko Kongwa iliko. Pale Kongwa, kati ya mwaka 1947 na 1951, Serikali ya Uingereza ilicheza mkono mmoja wa ajabu. Watu huita Mpango wa Karanga.

Shuleni tulizoea kuueleza mpango ule kama wazimu wa wakoloni tangu mwanzo. Mimi siafiki kabisa. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha, Waingereza walikuwa bado wanapimiwa chakula kwa kadi, na mafuta ya kula yalikuwa haba duniani. Mwaka 1946 Frank Samuel wa United Africa Company alipeleka wazo la kulima karanga kwa mitambo, na Waziri wa Chakula, John Strachey, akalipokea. Kuingia mchezoni kwa dau dogo, kwa sababu nzito kama hiyo, si wazimu. Tatizo ni kwamba dau la kwanza lenyewe halikuwa dogo. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka kwa wiki tisa, sehemu kubwa kwa ndege, ukapendekeza ekari 3,210,000 katika mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja, mengi yao Tanganyika, kwa gharama ya pauni milioni 24.

Karata tatu za kwanza zilifunuliwa mwaka 1947. Matrekta mengi yaliyopatikana yalikuwa mabaki ya vita, yakavunjika. Mizizi ya vichaka vya Kongwa ilishinda majembe ya chuma. Mto Kinyasungwe ulifurika ukaikata reli. Udongo, ambao wakati wa mvua ulionekana laini, ulikuwa na mfinyanzi uliokauka ukawa kama saruji, ukila vyuma. Lengo la mwaka huo lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kama 7,500, yaani moja katika ishirini. Mwishoni mwa mwaka huo huo wafanyakazi wakagoma. Mchezaji mwenye akili angetazama mezani akasema: nilidhani nina kopa, kumbe sina hata mbili.

Hawakutupa. Mwaka 1948 mpango ulikabidhiwa shirika jipya la serikali, Overseas Food Corporation, likiongozwa na Leslie Plummer, na dau likapanda. Vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta. Kusini, kwa ajili ya mashamba ya Nachingwea, zilianza kazi za kujenga reli na bandari ya Mtwara. Hii ndiyo karata ya nne. Ya tano ilikuwa ukame. Mwaka 1949 lengo lilipunguzwa hadi ekari 600,000, na Januari 1951 Serikali ikatangaza kwamba mpango umekwisha. Hasara iliyofutwa vitabuni ilizidi pauni milioni 36.

Kwa nini walifuata hadi mwisho? Hawakukosa wataalamu, wala habari hazikufichika. Magazeti ya London yalizijaza kurasa. Mimi naona walikuwa wanasikiliza fedha zilizokwisha kuwekwa. Waziri aliyekwisha kuliambia Bunge kwamba milioni zimetumika aliona kwamba kuacha ni kukiri zimepotea, na kuendelea ni kuziokoa. Lakini zilikuwa zimekwisha kupotea siku zilipotolewa. Swali halali lilikuwa moja: pauni ya kesho, tukiiweka Kongwa, italeta nini? Na jibu lilikuwa limeandikwa katika ule udongo.

Sisi Waswahili tuna methali inayowapoteza watu wa namna hii: Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Ni methali njema kwa mwanafunzi mvivu au kwa kijana aliyeposa akaanza kusitasita. Kwa mcheza karata ni sumu. Yeye afadhali aikumbuke ile nyingine: Maji yakimwagika hayazoleki.

Wakulima wa nchi ile hawakuhitaji Pascal. Mgogo alipanda mtama na uwele kwa sababu aliijua mvua yake, wala hakuweka chakula chote cha mwaka katika shamba moja. Hapa Magole vilevile mkulima hucheza mkono huu kila mwaka. Mvua za vuli zikikatika Desemba na mahindi yakaanza kujikunja, ana maamuzi mawili: apalilie tena na kununua mbolea, au alime upya na kungoja masika. Aliye hodari hahesabu siku alizokwisha kulima. Hutazama mbingu, hutazama majani, huhesabu mbegu iliyobaki ghalani, kisha huamua. Kinyume chake nilikiona baada ya Januari 2014, mafuriko yalipoharibu daraja hapa Magole na kuikata barabara ya Dodoma. Wengine walihamia mahali pa juu. Wengine walijenga tena palepale bondeni, wakisema matofali yao yalikuwa pale.

Tena kutupa karata si kufa. Kongwa ilipoachwa na karanga ilifaa ng'ombe, na ranchi ikastawi. Mwaka 1964 wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika walipewa kambi huko huko. Bandari ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya karanga, ingali inapokea meli. Mtu anayeacha mkono mbaya kwa wakati hubaki na kitu cha kuingilia mkono unaofuata.

Nimeandika haya kwa sababu ya vijana wetu. Siku hizi hakuna haja ya mwembe wala siku ya mshahara. Dau huwekwa kwa simu, popote, usiku na mchana. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inayo, na bodi ya kuisimamia ipo, na mwenye umri chini ya miaka 18 haruhusiwi. Lakini sheria haiingii ndani ya kichwa cha mtu. Msimu mmoja alinijia kijana niliyemfundisha darasa la nne. Alikuwa ameweka akiba shilingi 120,000 za kukodi shamba la mpunga. Elfu themanini zilikuwa zimekwenda kwenye mechi za mpira.

“Shikamoo mwalimu. Nikopeshe elfu arobaini,” alisema. “Nikichanganya na hii iliyobaki nitairudisha ile yangu.”

“Marahaba. Ile ipi?”

“Ile elfu themanini.”

“Hiyo ni ya nani?”

“Si yangu, mwalimu?”

“Ilikuwa yako. Yako ni hiyo arobaini uliyoishika.”

Sikumkopesha. Nilileta punje za mahindi nikampangia kumi, thelathini, tisini, akaona zilivyojaa mkekani. Nilimwambia pia jambo ambalo mpwa wangu alilisisitiza sana: katika poka unashindana na mwenzako aliye kama wewe, na siku moja moja bei huwa upande wako. Katika kubashiri mechi bei hupangwa na mwenye duka, naye hujikatia chake kabla hajakulipa. Mchezo wa namna hiyo una mahali pamoja tu pazuri pa kutupa karata, nako ni kabla hujazipokea. Aliondoka bila kuaga vizuri. Baadaye nilisikia amekodi kipande kidogo, kinacholingana na elfu arobaini yake, na akavuna gunia za kutosha nyumba yake.

Huenda msomaji akasema kwamba ninawafundisha watu kukata tamaa. La hasha. Mwenye karata ishirini zinazomfaa na alipe, hata moyo ukimdunda. Mwanafunzi aliyefeli mara moja na anayeona palipomshinda, na arudie mtihani. Ninachokataa ni kulipa kwa sababu tu nimekwisha kulipa. Kila dau jipya ni swali jipya, na lijibiwe kwa mambo matatu: bei ya sasa, nafasi iliyobaki, na deni litakalofuata nikisema ndiyo.

Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Zamani nilipoisoma methali hii darasani niliieleza kuwa ni somo la adabu, yaani mtu ampe mkono aliyemshinda. Leo ningewaambia wanafunzi kwamba ni somo la hesabu pia. Mshindani wa kweli hukubali kushindwa mapema, katika mambo madogo, akiwa bado ana akiba. Yule asiyekubali hushindwa vilevile, ila hushindwa mwisho, na kwa mali yote.